Pikipiki ya turne: tuulize kilo mbele ya kuuliza CC



Kila mwaka, mahindi yakiisha kuuzwa, swali moja linaturudilia ku mafunzo tunayofanya mu Kamalondo, si mbali na uwanja wa TP Mazembe. Koperative imeweka franka pembeni, wanachama wamekubaliana mu mkutano, na sasa wanataka kununua pikipiki ya turne: ile ya kupeleka agronomu mu mashamba ya mbali, ya kufuata bei ku soko la Kasenga, ya kukimbia na karatasi za mbegu mbele mvua ya kwanza haijaanguka. Wanatuuliza: "Tuchukue ya CC ngapi?" Na kila mara kuko mmoja ambaye ameishaona picha ya pikipiki kubwa, tangi pana, masanduku ya chuma pembeni. Anasema njia iko ndefu, kwa hiyo moteri nayo iwe kubwa.

Mu somo hili tunasema kinyume. Kwa turne ndefu mu njia zetu, pikipiki nyepesi njo inafika, tena njo inarudi. Swali la kwanza ku muuzaji lisiwe CC ngapi. Liwe kilo ngapi.

Tuanze na kitu ambacho wauzaji hawapendi kusema. Ku njia ya Kasenga, zaidi ya kilometa 200 kutoka Lubumbashi, ao ya Pweto, zaidi ya kilometa 400, pikipiki itaanguka. Hatusemi inaweza kuanguka. Itaanguka. Kutoka Novemba mpaka Machi kuko matope mekundu yanayoteleza kama sabuni, na mitaro ambayo kamio zimechimba kwa magurudumu yao. Mu kiangazi matope yanageuka vumbi na mchanga, na mchanga unakamata gurudumu la mbele bila kutoa habari. Hata dereva mzuri anaanguka, mara nyingi akiwa anakwenda polepole, ao hata akiwa amesimama na mguu umekosa pa kukanyaga. Kwa hiyo tusichague pikipiki kwa ajili ya saa ile inakimbia vizuri. Tuichague kwa ajili ya saa ile imelala chini, mvua iko inanyesha, na dereva ni mmoja.

Kuko koperative moja, hatutaitaja jina, ilipata pikipiki ya CC 650 kwa bei ndogo. Iliotumiwa, lakini ingali nzuri kweli. Watu wa kijiji walikuja kuiangalia. Mwezi wa kwanza wa mvua, agronomu wao akaanguka nayo mu mtaro, saa tisa ya muchana, akiwa peke yake, mguu wake chini ya moteri. Mguu haukuvunjika, Mungu asifiwe, sababu udongo ulikuwa laini. Lakini kutoka pale hakuweza. Alingoja mpaka watu wa makala wakapita na kinga zao. Wakawa wanne kuinua ile pikipiki. Esanse karibu yote ilikuwa imeishamwangika mu mtaro. Sasa pikipiki iko mu depo ya koperative, imefunikwa na hema, na agronomu anaomba nafasi mu kamio za watu. Na ile franka ilikuwa ya wanachama wote, pamoja na wale ambao walileta mifuko miwili tu.

Tuone basi hizo kilo. Pikipiki ndogo za CC 100 mpaka 150, kama Bajaj Boxer ao TVS HLX, zikiwa na esanse ndani ziko karibu na kilo 105 mpaka 130. Honda Africa Twin inapita kilo 220. BMW R 1250 GS, ambayo watalii wengi wanaipenda, iko karibu kilo 250, mbele ya kuweka masanduku na mtu. Tofauti kati ya Boxer na ile BMW ni zaidi ya mifuko miwili ya mahindi ya kilo 50. Kila mkulima anajua maana ya kuinua mifuko miwili pamoja kutoka chini, mu matope, bila mtu wa kushika upande mwingine.

Kuinua pikipiki kuko na ufundi wake, na tunaomba kila koperative iufanyie mazoezi mbele ya turne ya kwanza. Kwanza zima moteri na funga esanse. Ingiza vitesi ili magurudumu yasizunguke. Kama imelala upande wa kuume na kikanyagio cha pembeni kiko juu, kifungue tayari. Geuza usukani mpaka mwisho, kuelekea upande ule pikipiki imelalia. Kisha wewe ugeuke: mgongo wako na matako yaegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani chini, mwingine ushike chuma cha nyuma ya kiti. Usivute kwa mgongo. Piga magoti kidogo, kisha sukuma kwa miguu, ukitembea nyuma hatua ndogo ndogo. Magurudumu yanabaki chini, kwa hiyo huinui kilo zote; mwanzoni ni karibu nusu. Nusu ya kilo 120, mtu mzima mwenye afya anaiweza. Nusu ya kilo 250, ku udongo unaoteleza, kisha kutwa nzima ya njia, ni habari nyingine.

Hapa njo tunapata kipimo cha kununua, na hakihitaji kitabu wala intaneti. Siku ya kununua, peleka yule mtu mdogo kuliko wote kati ya wale watapanda ile pikipiki. Kama koperative iko na mama agronomu wa kilo 55, njo yeye aende, si mwenyekiti. Omba tangi lijazwe, funga nyuma mzigo wa kilo 20, laza pikipiki polepole ku majani ao ku mfuko mtupu, na mwambie aiinue peke yake. Akishindwa mara mbili, ile si pikipiki ya koperative, hata iwe na bei nzuri namna gani. Muuzaji akikataa hilo jaribio, kuko wauzaji wengine. Tena aketi juu yake na aangalie kama nyayo za miguu yote mbili zinafika chini. Mu mchanga, mguu ambao hauguse chini hauwezi kuokoa mtu.

Uzito unaonekana tena ku maji. Karibu na Luapula na mito yake, mvua ikibeba daraja la miti, pikipiki inapita mu bwato ao inabebwa ku mabega. Kilo 110, watu watatu ao wanne wanaibeba na wanacheka. Kilo 230, unatafuta watu sita, unaongea bei na kila mmoja, na mwenye bwato anakuangalia vibaya.

Sasa mtu atasema: nyepesi sawa, lakini moteri ndogo itafika kweli ku Pweto?

Itafika. Pikipiki ya CC 125 ya mizunguko mine iko na nguvu ya farasi karibu 10. Mu njia ya udongo hakuna anayekimbia sana: ukihesabu mashimo, mbuzi, barière na kusimama kunywa maji, mwendo wa siku nzima unakuwa kilometa 30 ao 40 kwa saa, hata uwe na moteri ya namna gani. Ile nguvu ya ziada ya CC 650 hauna mahali pa kuitumia. Unaibeba tu, kama mtu anayevaa koti mbili mu mwezi wa kumi.

Na unailisha pia. Tufanye hesabu ya Kasenga, tuseme kilometa 210 kwenda. CC 125 iliyotunzwa inakunywa karibu litri 2 na nusu kwa kilometa 100. Kwenda na kurudi ni litri 10 na nusu, na tangi la nyingi kati yao linabeba hizo litri ao karibu. CC 650 inakunywa karibu litri 5 kwa kilometa 100, kwa hiyo litri 21. Koperative ikifanya turne mbili kila mwezi, tofauti ya mwaka inafika litri 252. Chukueni bei ya esanse ya leo ku kituo chenu, mzidishe mara 252, muandike jibu ku ubao wa mkutano. Mtaona ni mifuko mingapi ya mbolea imepita mu bomba la moshi. Tena mbali na muji esanse inauzwa ku chupa na ku bidoni, bei inapanda, na mara nyingine iko na maji ndani. Ukinunua kidogo, hatari inakuwa kidogo. Na mchuje kila mara kwa kitambaa safi.

Hata watu wanaozunguka dunia kwa pikipiki wamejifunza hili, wengine kwa taabu. Mwaka 2004 waigizaji wawili wa sinema, Ewan McGregor na Charley Boorman, walitoka London kwenda New York wakipitia Ulaya, Urusi na Mongolia, ku BMW kubwa zinazopita kilo 250. Mu matope ya Mongolia walikuwa wanaanguka na kuinua, wanaanguka na kuinua. Pikipiki ya mpiga picha wao, Claudio von Planta, ikaharibika, wakamnunulia ku njia pikipiki ya kawaida ya Kirusi, IZh Planeta, ile ambayo watu wa kule wanatumia. Ilikuwa nyepesi kuliko zile BMW, na matope yaliyowatesa wenzake yeye akayapita kwa urahisi zaidi. Miaka michache nyuma, mama mmoja Mwingereza, Lois Pryce, alitoka London mpaka Cape Town akiwa peke yake ku Yamaha TT-R ya CC 250. Alipita jangwa la Sahara, akapita Kongo zote mbili, akapita Angola. Hakuwa na gari la kumfuata nyuma na mafundi. Alichagua pikipiki ambayo yeye mwenyewe angeiinua.

Turudi ku kwetu. Kati ya pikipiki nyepesi, ipi?

Hatutasema jina moja, sababu jibu linatoka ku fundi wa mwisho ku njia yenu. Kama turne inakwenda mpaka Kashobwe, basi fundi wa Kashobwe njo mwalimu. Mumuulize anatengeneza pikipiki zipi kila juma, piesi zipi ziko ku duka sasa, leo, si zile wanaweza kuagiza. Buji, shene na meno yake, mpira wa ndani, kamba ya ambrayaji, viatu vya breki: kama vitu hivi vitano havipatikani ku njia yenyewe, pikipiki ile inaweza kulala kijijini majuma matatu kwa kukosa kamba moja.

Kuko historia nzuri juu ya jambo hili. Mu miaka ya 1970, Honda iliona kwamba mu inchi nyingi watu wanabeba mizigo mizito, vidanje inachelewa, chujio la hewa linajaa vumbi, na moteri za CC 125 zilizotengenezwa kwa Ulaya na Japani zinakufa mapema. Badala ya kulaumu watu, wakachora moteri nyingine kwa ajili ya maisha hayo: Honda CG 125, yenye vyuma vya kusukuma valvu ambavyo vinavumilia oli mbaya kuliko mashini laini. Viwanda vingi vya China vilinakili ile moteri, na mpaka leo pikipiki nyingi za Kichina zinazouzwa Afrika ziko na ukoo wake. Njo maana fundi wa kijiji anaifungua akifumba macho. Ubora wa hizo nakala haufanani, hilo tuseme wazi. Chuma cha fremu na vyuma vyembamba vya gurudumu njo mahali pa kuangalia sana, pale wanapochomea.

Wengine wanakumbuka Yamaha AG 100 na DT 125, ambazo miradi mingi ya kilimo na ya afya ilizitumia zamani. Ni pikipiki nyepesi na hodari, na AG ilichorwa kwa watu wa shamba hasa. Lakini ni za mizunguko miwili: zinachoma oli yake pamoja na esanse. Ile oli ya 2T ikikosekana, moteri haingoji. Kama mtapewa moja, ichukueni, lakini oli isafiri nayo daima.

Jambo moja tunawaomba sana: pikipiki ya turne si kamio. Kila pikipiki iko na kiwango cha mzigo mu kitabu chake, na kwa hizi ndogo mara nyingi ni karibu kilo 150, dereva akiwa ndani ya hesabu. Dereva wa kilo 70, na agronomu wa kilo 65, ni 135. Imebaki 15: koti la mvua, chakula, vyombo vya fundi, sampuli za udongo. Ukiongeza mfuko wa mahindi, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii tena. Pale wepesi tulionunua tumeuuza. Mfuko uende ku kinga, ku kamio, ku gari ya koperative jirani. Na kile kinachobebwa kifungwe chini na karibu na mgongo wa dereva, si juu ya kiti nyuma kabisa kama mkia. Mifuko laini ya hema inafaa kuliko masanduku ya chuma, ambayo yanaongeza kilo na yanavunja mguu pikipiki ikilala.

Tusifiche kwamba kuko mahali nyepesi inashindwa. Ku barabara ya lami ya Likasi na Kolwezi, kamio za migodi zinapita kwa kasi na upepo wao unasukuma pikipiki ndogo mpaka pembeni. CC 100 yenye watu wawili, mu mlima, haina nguvu ya kutoka haraka mbele ya kamio. Kama kazi yenu yote iko ku lami, na kila mara watu wawili, CC 150 ao 200 inaeleweka, bora iwe chini ya kilo 140. Na ku pikipiki ndogo kiuno kinaumwa; kiti ni chembamba. Kusimama dakika kumi kila saa si uvivu. Turne ya Pweto mu siku moja, hatuikubali kwa dereva yeyote, na usiku hatuikubali hata kidogo.

Mwisho, pikipiki nyepesi haitunzi nafsi yake. Kuko shirika Riders for Health, lililoanza kazi mu Lesotho mwaka 1991. Waanzilishi wake waliona mu Afrika pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa pembeni zikiwa bado mpya, juu ya kukosa vitu vidogo: oli, shene, chujio. Wakafundisha kila dereva kuangalia pikipiki yake kila asubuhi, na kubadilisha piesi mbele haijavunjika. Mu koperative zetu, tunaona shida inakuja pale pikipiki ni ya wote: kila mtu anapanda, hakuna anayeosha chujio. Kwa hiyo dereva wawe wawili tu, majina yao yaandikwe, na daftari lisafiri na pikipiki: kilometa za kutoka na za kurudi, litri, siku ya vidanje, kilichobadilishwa na bei yake. Kisha kila turne ya vumbi, chujio la hewa lifunguliwe siku ile ile. Asubuhi, mbele ya kukanyaga, dereva aguse shene, aangalie oli, afinye magurudumu, ajaribu breki zote mbili, na avae kaske. Yule wa nyuma naye avae.

Mbele ya mkutano wenu unaokuja, tunapendekeza mzungumze maswali haya. Njia yetu ya mbali kuliko zote ni ipi, na mu mwezi wa pili iko namna gani? Nani kati ya dereva wetu ana kilo kidogo zaidi? Fundi wa mwisho ku ile njia ni nani, na ni nani atakwenda kumuuliza juu ya piesi mbele tarehe ya kununua haijafika? Pikipiki iliyolala mu depo, kama kuko moja, ingeuzwa bei gani leo? Majibu mtuletee ku mafunzo yanayofuata. Pikipiki moja ya kilo 110 na moja ya kilo 200 zitakuwa zimelazwa chini ku kiwanja, na kila mjumbe atajaribu kuinua zote mbili. Mje na viatu vya kufunga.